Gari Imepita Mkono Mmoja Tu

Nisingekikasirikia kikombe cha maji, huenda leo habari zangu mngesimuliwa na mtu mwingine.

Nilikwenda nyumbani kwa muuzaji kukagua gari la spoti la zamani, nyekundu, milango miwili. Gari niliyoiota tangu nikiwa shule ya msingi. Mke wangu alikuja kunilinda, maana ananijua: nikipenda, chongo naita kengeza.

Muuzaji alikuwa kijana mcheshi mwenye wimbo mmoja.

"Kaka, imepita mkono mmoja tu. Ilikuwa ya kaka yangu."

Nikagusa boneti. Ya moto. Akasema aliipasha injini ili nisisubiri. Nani kamwomba? Injini ya moto huficha ugonjwa wake, lakini macho yalikuwa yameshapenda.

Nikatoa sumaku yangu ndogo, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Mlango wa kushoto, ikanasa. Mlango wa dereva, ikadondoka. Nikajaribu juu, nikajaribu chini. Inadondoka tu. Chini ya rangi hapo hapakuwa na bati, ni puti tupu ya kuzibia mabonde.

Muuzaji akasema ilikwaruzwa getini, kidogo tu. Akanitupia ufunguo. Akasema kuna mteja mwingine yuko njiani, kwa hiyo niipeleke barabara kuu sasa hivi, niikanyage mpaka mwisho nijionee mwenyewe.

Mke wangu akaniangalia.

"Panda, tunazunguka mara moja," nikamwambia.

Akapanda. Akavuta mkanda, mkanda ukagoma kutoka. Nami, mpumbavu wa mapenzi, nikawasha gari.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka mwanamume aliyejitupia koti mabegani, akaja hadi dirishani kwangu na kikombe cha maji. Akaninyooshea kwa mkono wa kushoto.

Jamani, mimi nimelelewa. Damu ikanichemka. Nikazima gari, nikashuka, nikamwambia kwetu hata mtoto hapewi kitu kwa kushoto.

Hakukasirika.

"Samahani ndugu yangu. Wa kulia sina."

Koti likateleza begani. Nikaona mwenyewe, nikatamani ardhi inimeze.

Muuzaji akamwambia arudi ndani. Kaka mtu hakuondoka. Alikuwa anautazama mlango wa dereva.

"Ukifunga breki kwenye kasi, inavuta kulia. Chasisi ilipinda. Mlango huo ni mwingine, chakavu uliojazwa puti; wa kwanza ulikatwa ili nitolewe." Akakiinua kikombe. "Nimekuja na maji kwa sababu huyu amenikataza kuja na maneno."

Mke wangu akashuka polepole, ameshika tumbo lake la miezi saba. Nikakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, nikanywa maji yote.

Tulipokuwa tunatoka getini, muuzaji alituandama akinung'unika kwamba hajatudanganya hata neno moja.

Na kweli, kwa habari ya mkono mmoja hakutudanganya.

Ndugu zangu, mkiambiwa gari imepita mkono mmoja, ombeni muonyeshwe na wa pili.