Nukta Zilizotoroka Kijijini

Baba mdogo Gaudens alitoka Rombo kuja kuuza vitambaa dukani kwa kaka yake, Kariakoo, akaishia kuchora. Alichora mabango ya maduka ya mtaa mzima mpaka ofisi moja ya filamu ikamchukua. Huko akajifunza kukata filamu na kuunga vipande, tena akawa ndiye anayezifanya ramani zitembee: anachora karatasi moja moja, kila moja mchoro umesogea kidogo, kisha kamera inazipiga picha kwa zamu. Kazi ya kumaliza macho. Nyumbani walidhani anacheza.

Mwaka 1974 akapewa filamu ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Akachora nukta nyekundu, kila nukta kaya, zikitoka huku na huko kuingia kijijini. Sasa, mchoraji huweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, kwa hiyo akimaliza, ya mwisho ndiyo iko juu. Lazima rundo ligeuzwe kabla ya kupiga picha. Siku hiyo umeme ulikatika. Uliporudi, Gaudens akaogopa utaondoka tena, akapiga picha harakaharaka. Rundo hakuligeuza. Filamu ikapelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi asubuhi ya maonyesho. Akaunga bila kuitazama.

Ukumbini, Katibu wa chama kakaa mbele. Mwinyimvua, msomaji wa maelezo, kashika kipaza sauti kando ya Gaudens. Ramani ikatokea, kijiji kimejaa nukta. Mara zikaanza kutoka, moja moja, halafu zote, kama zimesikia bunduki.

Watu walishawekwa ndani kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Mangi," Mwinyimvua akamnong'oneza Mchaga wake, kafunika kipaza sauti kwa kiganja, "umetuua."

"Sema kitu, Mzaramo! Chochote!"

Mwinyimvua akakohoa. "Na kila alfajiri," akasoma mahali pasipo na maandishi, "wanakijiji huenda kwa pamoja kwenye shamba la ujamaa."

Makofi. Katibu hakupiga. Taa zilipowashwa akageuka.

"Ndugu Gaudens. Hao jioni hawarudi?"

"Wanarudi, Ndugu Katibu. Kipande chao... kiko njiani."

"Nitakuja kukiona mwenyewe."

Safari hii aligeuza rundo lile lile, kwa wasiwasi akaligeuza tena, ikabidi aanze kupiga picha upya. Filamu ikaenda Ulaya. Wiki zote hizo, kila Land Rover iliyopunguza mwendo mtaani ilimpeleka chooni. Mkewe, Severa, hakumpoza hata kidogo: alimfungia kibegi cha shuka na mswaki, akakiweka mlangoni.

Katibu akaja kweli. Nukta zikatoka, nukta zikarudi, zikatulia kijijini.

"Haya, wamelala," akasema, akavaa kofia, akaondoka.

Mwinyimvua akacheka mpaka machozi. "Inuka, Mangi, tukale."

Gaudens hakuinuka.

"Chungulia kwanza dirishani," akasema. "Gari lake limeshakata kona?"