Redio Iliyomleta Mama Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya Ukonga, Matroni, yaani mkuu wetu wa wauguzi, hakunikabidhi sindano wala bandeji. Alinikalisha mapokezi.

"Binti, mama akija anaumwa kichwa, mwache aseme kichwa," aliniambia. "Usimkimbize. Kilichomleta atakisema akishainuka."

Nilikuja kuyaona hayo kwa macho yangu nilipohamishiwa kituo cha afya cha Kibamba. Huko ndiko yalikonikuta matangazo ya redio kuhusu saratani ya matiti. La kwanza lilikuwa la kutisha: ngoma nzito, halafu mwanamume mwenye sauti ya msibani akisema ugonjwa huu unaua. Mwenye saluni niliyokuwa nasukia nywele alikuwa akilisikia tu anazima redio. "Jamani, mie nina watoto," anasema. Na kituoni kwetu hakuja mtu.

Kisha wakabadilisha. Likaja tangazo la mama aliyeugua akapona, anaongea taratibu kama anachambua mchele na jirani yake. Alieleza namna ya kujipapasa, akasema hata uvimbe usiouma uangaliwe. Asubuhi iliyofuata benchi lilijaa, wengine wakasimama nje. Mganga Mfawidhi, daktari aliyesimamia kituo, akachungulia dirishani akacheka.

"Sista, leo redio imetuletea wageni. Watafutieni viti."

Kati yao alikuwa Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Iringa. Alisema kichwa. Nikampima presha, nikampa dawa ya maumivu, akaaga. Mkono ukiwa kwenye kitasa, akageuka.

"Sista, yule mama wa redioni… Mimi wangu hauumi. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba hauumi."

Nikamrudisha, nikafunga mlango. Nilimpapasa polepole kwa vidole, titi lote mpaka kwapani, maana uvimbe hujificha hata huko. Ulikuwepo, mgumu kama kokwa. Tukampa rufaa aende hospitali kubwa, wachukue kinyama kidogo kwa sindano wakipime.

Hakwenda. Wiki zikapita, Mganga Mfawidhi akaniruhusu nimfuate nyumbani. Nilimkuta uani na mumewe, fundi seremala, mtu mkubwa wa mwili na mkimya. Nilisema tu nimekuja kumjulia hali mwalimu. Mama Neema mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuendelea kuficha.

"Baba Neema, nina uvimbe kwenye titi," alisema huku ameinamisha kichwa. "Nimeogopa kwenda. Wakinikata, nitakuwa mke gani?"

Mumewe aliweka randa chini.

"Hilo tangazo nalisikia kila siku nikiwa kazini," alisema. "Linasema mama, mama, mama. Nikajua halinihusu." Machozi yalimlengalenga. "Ungeniambia, mke wangu. Mimi nimekuoa wewe, sikuoa titi."

Kulipokucha wakaenda pamoja. Ilikuwa saratani, lakini changa. Titi liliondolewa, akatibiwa kwa miezi mingi, nywele zikanyonyoka zikaota tena, akarudi darasani kwake.

Redio iliponialika kipindini, niliyarudia maneno ya yule fundi kwa idhini yao wote wawili, bila kuwataja. Mtayarishaji alisikiliza akakuna kidevu. Haukupita muda likaja tangazo jingine, safari hii likiongea na waume.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku huku Kibamba. Vijana mnaoanza uuguzi huniuliza kama matangazo yanasaidia kweli. Yanasaidia, wanangu. Niliona benchi likijaa. Ila niliona pia walioyasikia wakazidi kuogopa, na hao redio haiwezi kuwashika mkono. Wakifika kwenu, wapeni muda.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilitoka kuita mgonjwa mwingine. Katikati ya kina mama alikaa mwanamume mmoja, kondakta, bado na sare yake, amepakata pochi ya kike yenye maua, ameishika kwa mikono yote miwili. Mkewe alikuwa ndani akipimwa. Nikamwonea huruma.

"Kaka, lete nikuwekee ndani."

"Hapana, sista," akasema, akiikumbatia zaidi. "Ameniambia nisiiachie mpaka atoke."

Nikasogea benchini, nikakaa naye tukamsubiri mkewe.