Jani la Isale

Nimekata jani la isale uani kwangu, na harufu yake mbichi imenirudisha kwenye kichochoro cha migomba, nikiwa mtoto, nimeshika jani kama hili. Kwetu hilo ndilo jani la kuombea msamaha. Husemwa hakuna anayelikataa, lakini siku ile sikuamini.

Nilikuwa nimegeuza maji ya mfereji yaje kwenye maharage yetu, wakati zamu ilikuwa ya jirani yetu, bibi mmoja mkali ambaye watoto wote tulimkimbia. Miche yake ya nyanya, aliyoihamisha jana yake, ikakauka yote.

“Asubuhi umesali Baba Yetu,” mama aliniambia. “Sasa nenda ukaombe msamaha. Peke yako.”

Nilimkuta bibi anakata majani ya ng'ombe.

“Shikamoo, bibi.”

Hakuitikia. Alinijia na panga mkononi, akasimama karibu hadi nikasikia pumzi yake. Nilitaka kukimbia, lakini nikabaki pale pale. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nikafumba macho.

“Maji niliyageuza mimi, bibi.”

Nikasikia panga likianguka chini. Kisha jani likatoka mikononi mwangu, taratibu.

“Marahaba, mjukuu wangu.”