Upande wa Kushoto Hautetemeki

Kaka yangu alikuwa fundi wa pedi za gemu Nkuhungu, kwenye chumba chetu kimoja cha kuchezesha gemu, chenye runinga nne. Mimi nilikaa mlangoni kupokea wachezaji. Alianzia kwenye zile pedi bapa za zamani, za mishale na vitufe vichache, waya mfupi mpaka unakaa pua kwenye kioo. Zikaja zenye mikono miwili na vijiti vya kuzungusha kwa dole gumba. Kila aina mpya aliifungua siku hiyohiyo, aone wamebadilisha nini.

Aliupenda mtetemo kuliko vyote. Ndani ya kila mkono wa pedi kuna mota ndogo. Ukigongwa kwenye gemu, viganja vinasikia.

Mchana mmoja tulipokea pedi zisizo na waya. Akajaribu moja, akakunja uso.

"Kushoto haitetemeki."

Akaifungua. Mota ilikuwa inazunguka. Akachukua ya pili. "Hii nayo mbovu."

"Hebu lete." Ilinitetemekea viganja vyote viwili. "Kaka, mbona nzima?"

Alichukua pedi kuukuu aliyoizoea miaka yote, akaishika kwa muda mrefu, akaiweka chini taratibu. Wachezaji walikuwa wanashangilia goli.

Nikaanza kumchunguza. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinajikunja. Juu ya kiwiko palikuwa na baka lililopauka, ambalo yeye aliliita fangasi. Kisha, Alhamisi moja, nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Chuma cha kuchomelea waya kilikuwa kimelalia kidole chake, naye anapiga soga na mteja, anacheka.

Nilimpeleka hospitali Mvumi. Daktari alimwambia afumbe macho, akamgusa baka kwa pamba.

"Umesikia?"

"Bado hujanigusa, daktari."

Alikuwa amemgusa mara tatu.

Ulikuwa ukoma. Unatibika, daktari alisema, ila dawa ni mwaka mzima bila kuruka siku. Kaka alizimeza zote akapona, lakini vile vidole viwili havikurudi kawaida. Siku hizi zimetoka pedi ambazo kitufe cha nyuma kinakaza kadiri unavyokivuta. Kaka hukibonyeza kwa mkono wa kulia, kisha ananipa mimi nimweleze mkono wa kushoto unavyosikia.

Na mimi nilipimwa, kwa kuwa tuliishi nyumba moja. Hawakuona kitu, wakanipa dawa ya kinga.

"Dalili huweza kukaa miaka bila kujitokeza," daktari alisema. "Uwe unajiangalia."

Kila asubuhi nikioga najifinya viwiko, nasubiri maumivu. Leo kushoto yamechelewa kidogo. Au nimefinya kwa woga.