Mlango wa Ndege Kwenye Banda la Kuku

Leo mama kamfukuza mnunuzi wa vyuma chakavu hapa kwetu Rhotia.
Jamaa alitaka mlango wa banda la kuku.

Ule ni mlango wa ndege, jamani.

Miaka ya themanini, usiku, baba aliwasha mioto kwa mstari pembeni ya shamba kuzuia nyati. Rubani aliyepotea akaruka chini chini, akadhani ni taa za uwanja. Akaangukia kwenye mahindi yetu.

Alitoka mzima, mkono tu ndio ulivunjika. Mama akampa uji.
Baba akamwomba radhi kwa ile mioto. Naye akaomba radhi kwa mahindi, akaondoka, mlango wa ndege yake ukabaki kwetu.

"Mwanangu, huu si wetu," mama kamwambia jamaa. "Mwenyewe, yule rubani, alisema nimtunzie."

Baba tulishamzika.
Jioni hii nimeufungua ule mlango. Bawaba zina mafuta mapya; mama kazipaka.