Mzunguko Mmoja wa Bembea

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kike mwenye miaka sita, shangazi aliyetoka Namanyere kumzika mama, na fundi mwenye bembea. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule.

Ilikuwa bembea ya kwanza ya kuzunguka hapa Sumbawanga, au ndivyo tulivyoamini. Fundi alisimika ekseli ya lori katikati ya kiwanja kitupu, akachomelea mabomba na viti vya mapipa yaliyokatwa. Mashine haikuwepo. Aliisukuma mwenyewe akikimbia, koti likipepea kwa ule upepo wetu wa baridi.

"Pandisha mtoto," alisema. "Leo namzungusha mpaka aione Kirando, kule ziwani!"

"Tuko kwenye tanga," nikamjibu.

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "We binti, tanga la mtoto mdogo umelisikia wapi? Mwache apande."

Nikakataa. Ndiyo kwanza nilikuwa mkubwa wa nyumba, na niliogopa majirani waseme tunacheza hata udongo wa kaburi haujakauka. Nikawa mkali kuliko wazee wenyewe.

"Dada, mzunguko mmoja tu," kitinda mimba akanisihi.

"Arobaini ikiisha. Nakuahidi."

Kila asubuhi alitia punje moja ya hindi kwenye kopo. Zilipotimia, nikamvalisha gauni lake la kanisani, tukaenda. Mji ulikuwa unapanuka. Kiwanja kilishapimwa, watu wanachimba misingi ya maduka. Pale palipokuwa na ekseli palibaki shimo. Bembea, wakatuambia, fundi ameikata akatengenezea mageti.

"Dada, tumepotea njia?" aliniuliza.

Mwaka huu alinitembelea na wanawe wawili, kutoka Kirando anakoanika dagaa. Siku hizi tuna uwanja wa michezo wenye bembea ya umeme, na taa. Nikakata tiketi za watoto, na ya kwake.

Mhudumu akamtazama. "Samahani mama, hii ni ya watoto. Viti havibebi watu wazima."

"Umesikia, dada?" akacheka. "Dagaa wameninenepesha."

Akashika viatu vya wanawe, akasimama kwenye uzio. Kila walipopita aliwapungia, na kichwa chake kiliwafuata mzunguko mzima.

Tiketi yake ninayo bado. Wanawe wamepanda. Yeye ananidai.