Shabiki wa Wiki

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishtua. Niliishia darasa la saba, nikaingia nchi hii na sanduku moja lisilo na kufuli, nikaogesha wazee, nikasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege, na leo nina gari sita za kupeleka wagonjwa hospitalini, zote zina lifti, zote nimemaliza kuzilipia. Hapa mjini Apple Valley muulize Mkenya yeyote, atakwambia gari zangu hazichelewi. Theluji ije mpaka magotini, mgonjwa wangu wa figo yuko kwenye kiti cha kusafishiwa damu kabla nesi hajavaa glavu.

Binti yangu ni mkimbiaji. Anakimbilia chuo kimoja kidogo, mbio za nyika, na chuo hicho kimeungana na vyuo jirani kushindana. Muungano wenyewe wanauita konferensi. Konferensi ina ukurasa kwenye mtandao, na vijana wanaouendesha wanajua kazi yao. Kila mbio wanaweka picha, matokeo, kura ya nani ataongoza, na kila Jumatatu blogu ya kueleza mpaka mkimbiaji alikula nini asubuhi. Yote nilikuwa nayasoma kwenye maegesho nikingoja mgonjwa atoke. Sikukosa hata picha moja. Chini ya kila picha yake niliandika kwa herufi kubwa: HUYO NI BINTI YANGU. DAMU YA KENYA. Ukweli ni kwamba kwetu hatukimbii, sisi ni watu wa kuchuma majani chai, lakini Wazungu hawajui tofauti, nami sikuona haja ya kuwasumbua.

Mwaka juzi wakanichagua shabiki wa wiki. Blogu ikaniandika aya nzima, na picha yangu nimeegemea gari namba nne. Wakanitumia kwa posta kofia iliyoandikwa SHABIKI WA WIKI. Niliivaa kanisani, mchungaji akaniambia niivue, nikaivua baada ya matoleo. Jambo ambalo blogu haikuandika, kwa sababu hawakuniuliza, ni kwamba sikuwa nimewahi kwenda kwenye mbio hata moja. Mbio ni Jumamosi. Jumamosi figo pia zinasafishwa.

Mwaka wa mwisho wa binti yangu chuoni, konferensi ikamkabidhi ukurasa kwa siku moja. Ndiyo desturi yao: kila wiki mwanariadha mmoja anaushika, anajipiga video tangu asubuhi, na jioni anajibu maswali ya mashabiki moja kwa moja. Nikasema hii haipiti kimya. Mama watoto akapika pilau, nikawaita wanaume wanne wa kamati ninayoiongoza kanisani, nikaunganisha simu na televisheni ya sebuleni, ile kubwa. Swali langu nilikuwa nimeshatuma. Nililiandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu mwenyewe: nani alikufundisha kukimbia?

"Mwenyekiti, hapo umejitungia mtihani na majibu unayo mfukoni!" mmoja akacheka.

"Nyinyi ngojeni msikie," nikasema.

Akatokea kwenye kioo, nywele amefunga nyuma. Akajibu swali la viatu, akajibu la chakula. Kisha akaangalia simu yake, akatabasamu. "Hili limetoka kwa shabiki wetu namba moja," akasema, kwa Kiingereza chake cha hapa. Sebule nzima ikapiga makofi. Kidole changu kilibonyeza moyo mwekundu kabla hajaendelea.

Alisema hakufundishwa na mtu. Alisema alipokuwa darasa la sita alikuwa anabaki shuleni kwa masomo ya ziada ya hesabu, basi la shule limeshaondoka, halafu anangoja gari ya kumpeleka nyumbani, na gari haifiki. Wenzake wanachukuliwa, walimu wanaondoka, mlango unafungwa. Siku moja kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno, akaona akisimama ataganda. Akakimbia. Maili tatu, begi mgongoni. Kesho yake akangoja kidogo, akakimbia tena. "Halafu nikaacha kungoja," akasema. Akaenda kwenye swali la mtu mwingine.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeelekeza njia.

"Sasa gari hiyo ilikuwa ya nani?" mgeni mmoja akaniuliza. "Watu wengine hawana utu kabisa."

"Ya jirani," nikajibu. "Tulikuwa tunamlipa. Hakuwa mtu wa kutegemewa."

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Wageni walipoondoka, akakusanya sahani, akaniangalia. "Jirani?" akasema. Hilo tu, akaingia jikoni.

Siku hiyo ya kwanza naikumbuka. Nilikuwa hospitali ya Saint Louis Park, bibi mmoja mashine yake ya kusafisha damu imechelewa kumaliza, na mimi nikajiambia shule ina joto, mtoto atangoja. Nilipofika nikakuta uwanja mtupu. Nilimkuta nyumbani, ameketi kwenye sakafu ya jikoni, masikio yamekauka kwa baridi na jasho linamtiririka ndani ya jaketi. "Umekuja na nani?" "Nimekimbia." Nilifurahi! Nilipigia watu watatu simu kuwaambia mtoto ana damu ya mbio. Na kesho yake sikuharakisha sana.

Asubuhi iliyofuata konferensi ikakata kipande hicho cha video, ikakiwekea muziki. Watu wakaandika kwamba wamelia. Chini yake wale vijana wakaniandikia hadharani: shabiki wetu namba moja, unasemaje? Miaka minne sikuwahi kukosa la kusema pale. Siku hiyo nilizima simu.

Mbio zake za mwisho zilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile, kwenye uwanja wa gofu upande wa Eden Prairie. Wagonjwa wangu watatu nikawapa kampuni nyingine, washindani wangu. Nilifika saa mbili kabla ya mbio kuanza, hakuna mtu ila wanaume wawili wanaochomeka bendera. Nikasimama na kofia yangu.

Alinipita mara mbili. Mara ya kwanza hakuniona. Mara ya pili aligeuza kichwa, kama mtu aliyeona sura anayoifananisha na mtu fulani. Alimaliza wa kumi na tisa. Mwenzake, aliyejifunika blanketi, akasoma kofia yangu, akapiga kelele: "Kumbe upo kweli! Sisi tulidhani ni akaunti ya uongo!" Wasichana wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Yeye akaja polepole, mikono kiunoni.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili, ambacho huwa hanijibu nacho. "Nani amepeleka wagonjwa?"

"Nimewapa watu wengine."

"Wote?"

"Wote watatu. Twende nikupeleke nyumbani. Gari iko pale, nimeiacha inawaka, ina joto."

Akaitazama gari. Akalitazama basi la timu.

"Nitaenda na wenzangu, Baba." Akaninyooshea kofia kichwani, kwa upole, kama anavyofanyiwa mzee. "Asante umekuja mapema."

Nikakaa ndani ya gari yenye joto mpaka basi likaondoka. Jumatatu nikapiga hesabu ya nilichopoteza kwa kutofanya kazi siku ile, kile ambacho sikuweza kukiacha hata Jumamosi moja ya miaka minne, wala jioni moja ya baridi ile ya kwanza. Wagonjwa watatu, kwenda na kurudi. Dola mia moja tisini na nane na senti hamsini.